Persona Haikupi Muda wa Kutosha, na Ndivyo Inavyotaka

Ukiiwasha Persona 5 Royal leo usiku na ukawa unaicheza saa moja kila siku baada ya kazi, miezi mitatu itapita bado uko nayo. Wachezaji wengi huimaliza kwa takriban saa 100, na anayesoma kila mazungumzo bila kuyaruka huvuka hapo. Naanza na hesabu hiyo kwa sababu mtu anayeuliza kama anunue gemu za Persona huwa ameshaona picha zake nyekundu na nyeusi na kusikia muziki wake, lakini hajajua anajitwisha mzigo wa ukubwa gani. Hii si gemu ya kibandani, ya kulipia nusu saa, kupiga mechi mbili za mpira na kumwachia pedi anayesubiri. Ni ya mtu mmoja na faili lake la kusevu, na sehemu kubwa ya muda huo hupigani na mtu. Unasoma.

Kwa asiyeijua, Persona ni mfululizo wa kampuni ya Atlus ya Japani, ulioanza mwaka 1996 kwenye PlayStation ya kwanza kama tawi la Megami Tensei, ukoo wa gemu za mashetani na miungu uliotokana na riwaya ya Aya Nishitani. Baadaye tawi likalipita shina kwa umaarufu. Matoleo ya mwanzo, lile la 1996 na mawili ya Persona 2 ya 1999 na 2000, yana mashabiki wake wasiokubali kushindwa, ila gemu ambayo watu wanaikusudia leo wakitaja jina hilo ilizaliwa 2006, pale mwongozaji Katsura Hashino na wenzake walipotoa Persona 3 kwenye PlayStation 2 na kuiweka kalenda katikati ya kila kitu. Wewe ni mwanafunzi wa sekondari uliyehamia shule mpya mwezi Aprili, maana Wajapani hufungua mwaka wa shule mwezi huo. Asubuhi uko darasani, mwalimu anakuuliza maswali, mitihani inakuja na matokeo yanabandikwa. Baada ya masomo unachagua: ukamwone rafiki, ukajisomee, ukafanye kibarua, au uingie kwenye ulimwengu wa pili uliojificha nyuma ya huu, ambako unapigana na vivuli vya mioyo ya watu kwa kuita Persona, sura ya ndani ya nafsi yako inayojitokeza na kupigana kwa niaba yako. Ukishachagua kimoja, jioni imekwisha. Usiku una chaguo moja jingine, kisha ni kesho.

Ushauri wangu mkubwa uko hapo hapo kwenye kalenda, na nautoa mapema ili anayetaka kuishia hapa aondoke nao: usifungue mwongozo wa siku kwa siku mara yako ya kwanza.

Miongozo hiyo imejaa mtandaoni na imeandikwa kwa bidii ya kushangaza. Inakuambia tarehe 6 mwezi wa tano nenda kwa daktari, chagua jibu la pili kisha la kwanza, usiku soma kitabu fulani, kesho yake nunua maua. Ukiifuata hatua kwa hatua, watu wote wa karibu, ambao katika Royal ni zaidi ya ishirini, watafika ngazi ya kumi ya urafiki kabla mwaka haujaisha. Wahenga wetu walisema mtaka yote hukosa yote; kwenye Persona mwenye mwongozo hupata yote, na ndipo anapoharibikiwa. Kucheza hivyo ni kama kula harusini huku mtu amekusimamia akikutajia tonge la kumeza. Shibe utaipata, utamu hutaujua.

Sisemi hivyo kwa kupenda taabu. Nasema kwa sababu hadithi za gemu hizi zimejengwa juu ya upungufu wa muda, na anayeondoa upungufu huo anaiondoa hadithi. Tazama Persona 3. Ndani yake kuna saa iliyofichwa kati ya usiku wa manane na siku inayofuata, ambayo watu wa kawaida hawaijui, na gemu nzima inazungumzia kifo tangu dakika za kwanza. Siku za Jumapili, kwenye benchi la hekalu moja dogo, hukaa kijana mgonjwa anayeitwa Akinari. Hana muda mrefu wa kuishi, na anaandika hadithi ya watoto kuhusu mamba wa rangi ya waridi. Ukienda kukaa naye, Jumapili ile imekwenda; ungeweza kuitumia kwa mwingine, au kujiandaa kwa mtihani. Mchezaji aliyekwenda kwa sababu alitaka kujua hadithi ya mamba imefikia wapi ameicheza Persona 3. Aliyekwenda kwa sababu jedwali lilisema Jumapili hii ni ya Akinari amepata pointi.

Katika Persona 4 kuna Nanako, mtoto wa mjomba wako, anayeshinda peke yake nyumbani mbele ya televisheni kwa sababu baba yake ni mpelelezi wa polisi na kazi haimwachii. Kila jioni unaamua kama utatoka au utakaa naye. Sijui mchezaji wa Persona 4 asiyemtaja Nanako kwanza akiulizwa anakumbuka nini. Wamemkumbuka kwa sababu kuna jioni walitoka wakamwacha.

Basi kubali mapema kwamba mwisho wa mwaka kutakuwa na watu hukuwamaliza, na wengine hukuwafungua kabisa. Chagua wale unaowapenda. Ukimwona mtu anakuchosha, mwache, gemu haitakuadhibu.

Lakini ushauri huo una mipaka yake, na hapa Atlus wenyewe wanastahili lawama. Wameficha sehemu nzima za hadithi nyuma ya masharti ambayo mchezaji hawezi kuyabuni. Haya yafuatayo yaandike pembeni hata kama hutatazama kitu kingine chochote. Katika Persona 5 Royal, muhula wa tatu, ambao ndio sababu kubwa ya toleo hilo kuwepo, haufunguki usipomfikisha mshauri wa shule, Maruki, ngazi ya 9 kufikia Novemba 18. Wafikishe pia wahusika wengine wawili: Akechi ngazi ya 8 kufikia Novemba 24 na Kasumi ngazi ya 5 kufikia Desemba 18. Kuna watu waliomaliza saa zao mia wakaona majina ya watengenezaji yanapita kwenye skrini, na sehemu bora ya gemu hawakuiona. Katika Persona 4 Golden, msichana anayeitwa Marie amalizwe kufikia Desemba 23. Hali kadhalika, Desemba 3 katika Persona 4 utaingia kwenye mazungumzo marefu ndani ya chumba cha hospitali: sevu kabla, kwenye nafasi ya pembeni, na ukijibu jambo kwa hasira, jiulize mara mbili. Na siku ya mwisho kabisa ya gemu hiyo, unapoulizwa kama urudi nyumbani, usikubali upesi. Zunguka mji kwanza uage watu. Katika Persona 3, usiku wa Desemba 31 utaulizwa swali moja zito. Sevu.

Hizo ni tarehe chache, zinatosha kijikaratasi kimoja. Mengine yote yaache yakukute.

Sasa, uanze na ipi? Hadithi hazifuatani. Persona 4 ina safari ya shule inayopeleka wanafunzi kwenye kisiwa cha Persona 3, na madokezo madogo ya namna hiyo yako hapa na pale, ila hakuna utakachokosa ukianzia unapotaka. Wengi wanapendekeza Royal, na nawaelewa. Hakuna gemu nyingine ambayo hata menyu yake ya duka ina mbwembwe kiasi hicho, na ule muziki wa jazi wa Shoji Meguro, na sauti ya Lyn Inaizumi juu yake, unaweza kumfanya mtu asimame tu kwenye mtaa wa Shibuya bila kazi. Kisa chake nacho ni rahisi kukipenda: wanafunzi wa Tokyo wanaingia kwenye mioyo ya wakubwa wanaoonea watu, wanaiba tamaa iliyowapotosha, na kesho yake mkubwa anaungama hadharani akilia. Mtu yeyote aliyewahi kunyanyaswa na mwenye cheo ataikamata hadithi hiyo bila kufafanuliwa.

Hata hivyo mimi humshauri anayeanza kuchukua Persona 3 Reload, iliyotoka Februari 2024. Ni fupi zaidi, takriban saa 70, na hadithi yake haipotei njiani. Tarehe zake za mwisho ni wazi kuliko za nyingine zote: kila mwezi mpevu kuna adui mkubwa anayekuja awe amekukuta tayari au hapana, na mwezi unauona kwenye skrini ukikua. Ukianzia Royal, kurudi nyuma ni kugumu kidogo, maana ukubwa na mapambo yake huzifanya nyingine zionekane kavu. Ukianzia Reload, Royal itakuwa karamu.

Anayechukua Persona 3 ajue kwamba ina sura nyingi na zinachanganya. Kuna ya 2006, kuna FES ya 2007, kuna Portable ya 2009, ndipo ikaja Reload. Ukitaka kucheza kama msichana, njia hiyo iko Portable peke yake, ambayo sasa inapatikana kwenye kompyuta na konsoli za leo, ingawa mji wake huutembei, unauchagua tu kwa mshale juu ya picha. Njia hiyo ya msichana ina mazungumzo yake na marafiki wake, na wapo wanaoiona kuwa ndiyo Persona 3 bora. Sehemu ya ziada iliyokuwa ndani ya FES haimo kwenye Reload unayonunua; ni nyongeza ya kulipia yenye jina la Episode Aigis. Soma vizuri unacholipia.

Kwa Persona 5 jambo ni jepesi: nunua Royal, acha ile ya awali. Faili la kusevu la ya awali halihamii Royal, kwa hiyo anayeanza kwenye ya bei nafuu akidhani atapanda baadaye, ataanza Aprili upya.

Mwenye kompyuta ya zamani au ya ofisini isiyo na kadi kali ya picha asikate tamaa. Persona 4 Golden ni gemu ya 2012 iliyotengenezwa kwa mashine ya mkononi, ikaletwa kwenye kompyuta mwaka 2020, na inaendeshwa na mashine ambayo Reload ingeizimisha. Atlus wametangaza kuitengeneza upya kwa jina Persona 4 Revival. Usiisubiri. Golden ipo, inajitosheleza, na bando utakalotumia kuipakua ni dogo kuliko la Royal, ambayo inakula makumi ya gigabaiti. Onyo moja: mwanzo wake ni mzito. Saa za kwanza utakuwa unabonyeza kitufe cha kuendeleza mazungumzo huku ukijiuliza gemu iko wapi. Ipo. Mji wa Inaba ni wa mashambani, mvua inanyesha, ukungu unatanda, watu wanakutwa wamekufa wakining'inia juu ya nguzo na nyaya, na gemu inakutaka kwanza uujue uvivu wa mahali hapo kabla haijaanza kukutisha.

Lugha ni suala la kulipima kabla ya kutoa hela. Kiswahili hakimo, na Kiingereza chake ni cha vijana, kina utani mwingi, na kwenye mahakama na siasa za Royal kinapanda ngazi. Mtu anayesoma gazeti la Kiingereza bila shida atamudu. Msomaji wa Goma, Bukavu au Bujumbura aliyelelewa na Kifaransa afahamu kwamba Royal na Reload zina maandishi ya Kifaransa. Persona 5 ya awali, ilipofika nje ya Japani mwaka 2017, haikuwa nayo. Kuna kitufe cha kurudisha mazungumzo yaliyopita, kitafute siku ya kwanza, kwa sababu mtoto atalia au mgeni atabisha hodi katikati ya sentensi muhimu. Na upande mmoja tutakuwa nyumbani kuliko Wazungu: nani anamtangulia nani kusalimia, nani anaitwa kwa jina tupu na nani kwa heshima, mdogo anavyomwita mkubwa wake wa shule senpai. Aliyekua akiamkia shikamoo ataona uzito wa siku ambayo mhusika anaacha kumwita mwenzake kwa jina la ukoo.

Nimechelewa kufika kwenye mapigano, na ni makusudi, kwa kuwa wengi huanzia hapo na kuogopa bure. Mapigano ni ya zamu. Kila adui ana udhaifu wake, moto, barafu, umeme, upepo na kadhalika. Ukimpiga kwa udhaifu wake anaanguka na wewe unapata zamu nyingine. Wakianguka wote, kikosi chako kinaruhusiwa kuwavamia kwa pamoja. Basi kazi ya kila pambano jipya ni kutafuta udhaifu, na kazi ya kila adui ni kuutafuta wa kwako. Majina ya mashambulizi hayaelezeki, yanazoeleka tu: Agi ni moto, Bufu barafu, Zio umeme, Garu upepo, Hama nuru, Mudo giza, Dia tiba. Likianza na Ma, linawapiga wote: Mabufu, Mazio, Maragi. Mswahili hahitaji kufundishwa hilo mara mbili. Mwisho wa dyne ni kipimo kikubwa cha dawa ile ile.

Kuna mazoea matatu yanayowaangusha wageni. La kwanza ni kuipenda Persona moja na kung'ang'ania nayo. Zichanganye. Kwenye chumba cha bluu cha mzee Igor, mwenye pua ndefu, unaunganisha mbili kupata moja iliyo bora, na unayoiaga inabaki kwenye daftari, unaweza kuinunua tena kwa pesa. Ukiona mashambulizi yako hayachomi, mara nyingi tatizo si kiwango chako, ni kwamba unatembea na vitu vya mwezi uliopita. La pili ni kudharau uchawi wa kuongeza na kupunguza nguvu. Tarukaja humwongezea mwenzako makali, Rakunda humlegeza adui, na kwa mabosi wa mwishoni hivyo viwili vinafanya kazi kuliko kupiga kwa hasira. La tatu ni kusahau kwamba ukifa wewe, gemu imekwisha hata kama wenzako wote wamesimama. Mponye mhusika mkuu kwanza, kila mara, na usione haya.

Kuhusu ugumu: chagua wa kawaida, na ukichoka punguza. Hakuna anayekutazama. Kichekesho ni kwamba katika Royal kiwango kinachojiita kikali kuliko vyote, Merciless, wachezaji wengi wanakiona chepesi kuliko kile cha chini yake, sababu kinaongeza maumivu ya udhaifu kwa pande zote mbili, na anayejua kuwahi hummaliza adui kabla hajapumua.

Matumizi ya siku yana kanuni moja tu ninayoiamini: mapema katika mwaka wa gemu, waendee watu wanaokurudishia muda. Katika Royal, daktari Takemi wa mtaa wa Yongen-jaya, mwenye zahanati ya kichochoroni na majaribio ya dawa yanayotia shaka, ukimwendea mara kwa mara atakuuzia vibandiko vinavyorudisha nguvu ya uchawi taratibu ukiwa vitani. Nguvu hiyo ndiyo inayokulazimisha kutoka kwenye jumba la adui, yaani ulimwengu wa moyo wake, kabla hujalimaliza, na kila kutoka ni siku imepotea. Ukiwa na vibandiko, jumba zima linaweza kwisha kwa siku moja. Mwalimu Kawakami naye, ukimfikisha juu, atakukanda misuli usiku wa siku uliyopigana, nawe uweze kutoka tena badala ya kulala. Lakini ili Takemi akuendeleze na Kawakami akukubali unahitaji ujasiri, ambao gemu inaupima kama inavyoipima elimu, wema, ustadi na mvuto. Kwa hiyo wiki za mwanzo ni za kujenga sifa hizo: jibu maswali darasani, jisomee siku za mvua, kale ile baga kubwa ya mashindano. Katika Persona 4 kuna bakuli la nyama la mgahawa wa Aiya linalopatikana siku za mvua tu, na kulijaribu ni faida hata ukishindwa kulimaliza. Usisahau pia kubeba mfukoni Persona ya karata ile ile ya mtu unayemtembelea, maana kila karata ya tarot ina mtu wake. Ukiwa nayo, urafiki unapanda haraka na unaokoa jioni nzima.

Jumba la adui katika Persona 5 usiliache mpaka siku ya mwisho. Kwanza unafungua njia hadi kwenye hazina, kisha siku nyingine unatuma kadi ya onyo, na wizi wenyewe ni siku inayofuata ile ya kadi. Anayehesabu siku bila kuhesabu hizo hushtukia, kwenye jumba la kwanza, amefukuzwa shule.

Malalamiko ya wachezaji yanafanana kila nilipoyasikia, na mengi ni ya haki. Tartarus, mnara wa Persona 3 wenye ghorofa zaidi ya 200, unachosha; Reload imeupaka rangi na kuondoa uchovu uliokuwa ukiwapata wahusika, lakini mnara ni ule ule. Uuchukue kwa vipande, ghorofa kadhaa kila safari, wala usijaribu kuumeza kwa usiku mmoja kwa kuwa tu unaweza. Morgana, paka wa Persona 5, anakuamuru ulale usiku ambao hukutaka kulala, na amekuwa mzaha wa dunia nzima kwa hilo. Saa za mwanzo za Royal zinakushika mkono mno. Uhuru wa kweli unaanza baadaye.

Lalamiko zito zaidi linahusu jinsi gemu hizi zinavyosema jambo moja na kufanya jingine. Persona 5 inaanza na Kamoshida, mwalimu wa michezo anayewapiga wanafunzi na kuwataka wasichana kimwili, na sehemu hiyo imeandikwa kwa uchungu wa kweli. Halafu gemu ile ile inamruhusu kijana wa sekondari kuwa na uhusiano wa mapenzi na wanawake watu wazima, mwalimu wake akiwemo, na inalichukulia kama jambo la kufurahisha. Ann, msichana aliyedhalilishwa na Kamoshida, anageuzwa kichekesho cha macho ya kamera wiki chache baadaye. Unaweza kuipenda gemu na bado ukaliona hilo. Mimi hufanya yote mawili.

Mzazi asome aya hii hata akiruka nyingine. Persona 5 imepewa kiwango cha umri wa miaka 16 Ulaya, na Marekani imewekwa kwenye kundi la watu wazima, M. Ndani ya saa za mwanzo mwanafunzi anajirusha kutoka kwenye paa la shule. Katika Persona 3 wahusika huita Persona zao kwa kujielekezea kichwani kifaa chenye umbo la bastola na kufyatua. Si bastola ya kweli, hakuna risasi, na ishara yake inaeleweka ndani ya hadithi, lakini kijana aliye katika kipindi kigumu asiachiwe picha hizo peke yake. Kaa naye, au mpe gemu nyingine.

Matoleo ya pembeni hayana haraka. Persona 5 Strikers ni safari ya kiangazi ya kundi lile lile, na inafuata hadithi ya Persona 5, kwa hiyo ichezwe baadaye. Gemu za kucheza dansi ni za mashabiki wa muziki. The Phantom X, ambayo 2025 ilifika kwenye simu katika nchi nyingi, ni ya bure kuipakua, na wahusika wake hupatikana kwa kubahatisha kama bahati nasibu. Mwenye mkono mwepesi kwenye pesa za simu aipite mbali. Anayetaka kuendelea na mkono wa Hashino mwenyewe atamkuta kwenye Metaphor: ReFantazio ya Oktoba 2024, yenye kalenda ile ile, ila badala ya shule kuna uchaguzi wa mfalme.

Na ukimaliza, utaulizwa kama unataka kuanza upya ukiwa na sehemu ya ulivyovuna. Pesa zinabaki, daftari la Igor linabaki, elimu na ujasiri na mvuto vinabaki. Urafiki wote unarudi sifuri. Mara hiyo ya pili, kama bado una hamu na miezi mingine ya kutoa, fungua mwongozo wowote unaotaka.